Kabuyu ya Muzee wa Nyantende

"Zaïre tano juu ya kabuyu moja ya kasiksi? Grégoire, unanidanganya."

Nsimire alishika noti ile kwa ncha za vidole. Mumewe akajibu kwa hasira kwamba bazungu wakifurahi wanalipa, basi. Kazi yake ilikuwa kupeleka wageni Nyantende waone vijiji, migomba iliyojaa mlima mzima, na namna kasiksi, divai yetu ya ndizi, inavyokamuliwa. Jumamosi ile jua lilichoma, wageni wawili walikuwa na kiu, na kasiksi ya maman Emérence, mjane aliyewapokea, ilikuwa haijaiva.

Mengine hakumwambia. Katikati ya migomba kulikuwa na kibanda cha nyasi, na ndani yake kabuyu yenye mrija: fungu la marehemu mume wa Emérence, lililotengwa toka kasiksi iliyokamuliwa kabla. Kila Mushi, mtu wa kabila letu, anajua kibanda cha namna ile ni cha mzimu. Grégoire alijua. Alingoja maman aende kuokota kuni, akaichukua.

Kesho yake, saa sita mchana, nyumba yao ya mjini, Nyalukemba, ikanuka ndizi zilizochacha. Nsimire akatafuta chini ya vitanda, hakuna kitu. Kisha wakasikia mrija unaovuta tone la mwisho, krrr, krrr. Sauti ilitoka kitandani kwa Bibiane, binti yao wa miaka mine. Alikuwa peke yake, midomo imepasuka kwa ukavu.

Akanywa kikombe cha maji, akanywa sufuria, akanywa nusu ndoo, na kila akimeza ile krrr inarudi kooni mwake, mikono inazidi kukonda, na harufu ikaingia mashukani, ndani ya sukari, mpaka kwenye nywele za Nsimire aliyeshika rozari akinong'ona umefanya nini, Grégoire, umefanya nini, naye anajibu hakuna. Siku tatu anajibu hakuna. Mimi sifichi neno: mwanaume anayeacha mtoto akauke ili aibu yake isionekane ni mwoga.

Siku ya ine akasema. Wakampeleka mtoto Nyantende. Emérence hakugomba. Alijaza kabuyu mpya, akaiweka kibandani.

"Piga magoti, citoyen. Mwambie mwenyewe."

"Muzee," Grégoire akasema, "bazungu balikunywa kabuyu yako. Miye njo niliwapa. Unisamehe."

Mrija ukatikisika. Krrr. Kabuyu ikabaki imejaa vilevile.

Mgongoni mwa mama yake, Bibiane akafungua macho. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanaume, nzito, kavu.

"Bazungu hawakujua. Nani alivuta mrija wa kwanza, akawaonyesha?"

Nsimire akageuka kumtazama mumewe. Jambo hilo hakuwa amelisikia.

"Ni miye," Grégoire akasema. Utamu ulikuwa bado ulimini.

"Ya bazungu nimeiacha. Weye, unilipe ile uliyokunywa mwenyewe."