Spika za Villa ya Muaither

Ushawahi kuitwa na spika ambayo haijaungwa waya? Muulize beshte yangu Japheth. Tulisomea umeme pamoja. Yeye akaishia Doha kubeba maspika, mimi hapa nabeba CV.

Asubuhi moja kampuni yake ya kufunga spika ilimtuma mtaa wa Muaither, kwenye villa ya tajiri, amalizie chumba cha muziki alichokianza Salim, waliyelala naye chumba kimoja kule Industrial Area ya Doha, kwenye kambi za wafanyakazi. Salim, wenzake waliambiwa, amerudishwa kwao Tanga. Chumba hakina dirisha, kuta zimejazwa sufi ya kuzuia sauti. Japheth alipoweka santuri ya majaribio, taa zikazimika zote. Giza totoro. Spika kubwa, nyaya zake bado mkononi mwa Japheth, ikakohoa kikohozi cha Salim.

“Japhe, ndugu yangu, mbona mmenifungia?”

Akampigia formani. “Boss, Salim yuko humu!”

“Yalla, maliza kazi! Salim yuko kwao, khalas, imeisha hiyo.”

Akamaliza. Angefanya nini, na pasipoti yake wanayo kampuni? Tajiri anasifu sound, ila ati katikati ya nyimbo kuna mtu anakohoa. Mamake Salim naye humpigia Japheth simu kila Ijumaa: mwanangu hajafika.

Nyinyi wa kampuni, khalas zenu wekeni kando. Njooni mbomoe ule ukuta wa sufi nyuma ya spika, sisi tukiangalia!