Kilichoshuka Dohanini kwa Thelma

Rangi ya chumba cha kulala ilikataa kukauka. Thelma Direen aliigusa asubuhi, akaigusa tena jioni, kidole kikatoka na ute wa baridi kama kamasi za ng'ombe. Akasonya. Ama kopo la rangi linadanganya, ama nyumba ina kiburi. Na kiburi Thelma alikijua, alizaliwa nacho.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, pale Oatlands, Tasmania, kwenye baridi ya kung'oa meno. Waliijenga wafungwa wa zamani, na mtu anayejenga huku anachapwa hawazi miguu ya bibi kizee. Rodney, mwanawe wa pekee anayekaa Hobart, alishatoa neno lake: "Mama, nikija baridi hii nikakukuta unalala na koti, nakupeleka makao ya wazee. Sibishani." Anampenda mamake, sikatai. Ila mapenzi mengine huja na funguo za gari mkononi.

"Na mimi sibishani," Thelma akamjibu. "Utanikuta na gauni la kiangazi."

Akapanga. Chumba kwa chumba, joto kwanza, rangi baadaye, maana mjinga ndiye anayepaka rangi halafu akaita fundi atoboe ukuta. Chumba cha kulala, ukumbi, jikoni, sebule mwisho. Mashine ya joto ikae nje, mabomba yapite ndani, na dohani ya sebuleni, ile ya kutolea moshi, izibwe, kwa kuwa ilikuwa ikinyonya joto kama ndama.

Ni humo dohanini fundi Craig alimong'oa jiwe akatoa kiatu. Cha mtoto, ngozi imekakamaa, kimetoboka kidoleni.

"Bibi, hiki tukirudishe. Babu yangu alisema watu wa zamani waliviweka viatu humu kwa makusudi."

"Walikuwa wachafu kwa makusudi," alisema Thelma, akakitia kwenye moto wake wa mwisho wa kuni. Kilipoungua hakikunuka ngozi. Kilinuka nywele.

Tangu hapo ndiyo rangi ikagoma. Kisha ukumbini, mabomba yakipuliza joto la kuoka mkate, pakawa na doa la baridi sakafuni, na doa hilo likawa linahama. Thelma akiketi, linamjia miguuni. Akisimama, linasubiri mlangoni.

Mchana mmoja, jua liko dirishani, alikuwa jikoni akibandika karatasi za ukutani, aliposikia kucha zikikwaruza ndani ya ukuta, zikishuka taratibu, na karatasi aliyokwisha kuibandika ikaanza kubanduka yenyewe kutoka chini kwenda juu, kama mtu anavyomfunua aliyelala, na nyuma yake masizi yakatiririka yakinuka nywele zilizoungua, na kisogoni mwake ikamjia pumzi isiyo na joto lolote, na sauti ya Rodney, ya Rodney mdogo, ikasema sikioni: "Mama, nina baridi."

"Rodney ana kipara," Thelma akasema bila kugeuka. "Tafuta uongo mwingine."

Lakini brashi ilimdondoka.

Akavuka barabara hadi kwa Una, jirani yake, ajuza mkubwa kuliko yeye. Una aliposikia akafunga mlango.

"Umekichoma?" alinong'ona. "Shoga, umekichoma kwa mkono wako?"

"Kwa koleo."

"Acha utani! Ule ulikuwa mtego. Jini anashuka dohanini akinusa watu, anaona kiatu chenye umbo la mguu, anadhani mtu yumo, anaingia. Kurudi kinyumenyume hajui. Wewe umemfungulia."

"Basi nitamtega tena."

"Kwa kiatu gani? Kipya hakikamati. Sharti kiwe kimevaliwa mpaka kimegeuka mguu. Na mwenye kiatu anabaki ameshikana naye." Una akashusha sauti zaidi. "Yule mtoto mwenye kiatu hakukua, Thelma."

"Mimi nimeshakua. Kilichobaki ni kupungua."

"Si uuze tu nyumba?"

"Nikalishwe uji na msichana anayeniita kipenzi? Bora jini."

Akachukua buti lake la bustani, la kushoto, lililopinda kwa kila kidole chake. Akalitia kwenye shimo la dohani, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

Doa la baridi likaja. Likapanda magotini, likapanda kifuani, masizi yakawa yanaanguka juu ya kichwa chake na pumzi yake ikawa moshi, na sauti sasa ilikuwa ya Les, marehemu mumewe, ikibembeleza, ikilia, ikimwomba Thel asogee kidogo tu apite akaote moto.

Meno ya Thelma yaligongana, lakini maneno yakapita. "Les hakuwahi kuniomba nisogee. Alinisukuma. Mguu wangu huo hapo, mpumbavu wewe. Ingia."

Ngozi ikalia, kama mtu anavaa kiatu kwa haraka. Kamba za buti zikajikaza zenyewe, tundu baada ya tundu. Thelma akarudisha jiwe, akalisiliba kwa mikono yake mitupu.

Rodney alipofika, rangi ya chumba cha kulala imekauka na mamake yuko na gauni la maua. Akavua koti, akavua na sweta. "Haya, Mama. Umeshinda. Kaa kwako." Kisha akainama kuokota kijiko kilichomponyoka, mkono ukagusa mguu wa kushoto wa mamake, akauvuta kama aliyeungua. "Mbona huu ni barafu?"

Ndani ya mguu ule Thelma alisikia vidole vingine, vingi kuliko vyake, vikijipenyeza kutafuta njia. Akauinua, akaubamiza sakafuni kwa nguvu zake zote.

Nyuma ya jiwe, kitu kikalia.

"Nini hicho?" Rodney alisimama.

"Mpangaji," alisema Thelma. "Nipe brashi. Sebule haijapakwa."