Insulini ya Clémence

Saa tano asubuhi. Chumba cha nyuma, Kadutu. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa pili.

Bulonza, askari mtoro, alichora mezani kwa mkaa. "Depo ya mutuelle. Mulango ya nyuma. Sentinelle iko moja, anakulaka saa sita. Dakika ine, tunatoka."

Ufunguo aliuleta Apolline, karani wa mutuelle hiyo, yaani bima ya afya. Ndiye pia aliyepiga muhuri wa "refusé", imekataliwa, kwenye fomu ya Clémence, mke wa Zagabe, dereva wao. Ugonjwa wa sukari ulikuwapo kabla ya kujiandikisha, insulini hawalipii. Miaka sita Zagabe alikatwa mshahara kulipia bima hiyo. Sasa famasi zilikuwa tupu, na friji ya depo imejaa.

"Carton moja ni ya bibi yangu," alisema Zagabe.

"Sawa," Bulonza alijibu bila kumtazama.

Saa sita na dakika kumi. Mlinzi alikuwa na tonge mkononi. Bulonza alimwangusha kwa kitako cha bastola. Wakabeba masanduku mawili ya barafu yaliyojaa carton za insulini. Hakuna risasi.

Saa sita na nusu. Barabara ya Kavumu, kuelekea uwanja wa ndege. Bulonza alikaa mbele, Apolline nyuma na masanduku.

"Kwangu tumepita, chef. Clémence haamuke tangu asubui."

"Endesha. Ndege inangojea. Mununuzi anataka yote."

"Carton moja tu."

"Hata moja." Mdomo wa bastola ukagusa shingo ya Zagabe.

Mbele, kizuizi cha waasi. Zagabe alipunguza mwendo kwenye kona.

"Apolline, shuka na carton moja. Unajua kwangu."

Apolline akaruka, carton kifuani. Bulonza aligeuka kumlenga. Zagabe akakanyaga mafuta mpaka mwisho, akaingiza gari kwenye kizuizi. Waasi walimimina risasi. Bulonza alifia kitini. Zagabe walimvuta nje, goti limesagika.

"Mulikuwa wangapi?"

"Wawili."

Wakampiga, wakauliza tena.

"Wawili."

Saa nane mchana, nyumbani kwa Zagabe. Madeleine, jirani muuguzi, alimdunga Clémence sindano. Apolline aliketi sakafuni, viatu vimepotea, miguu inavuja damu. Hakuondoka.

Saa mbili usiku Clémence alifumbua macho. Alimtazama mgeni.

"Weye ni ule wa mutuelle."

"Ndiyo, maman."

"Mulikubali kulipa?"

Apolline alimfunika blanketi. "Zagabe alitukubalisha."

"Na yeye iko wapi?"