Kitenge cha Msalabani

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Bupe aliposikia sauti ambayo hakuna mwendesha baiskeli anayeipenda. Psss... Kisha gurudumu la nyuma likaanza kugonga lami kwa rimu.

Alikuwa ameshavuka Ifunda, anarudi Iringa. Mchana alimnyonyesha mwanawe mchanga, Esta, akamwacha nyumbani Kihesa, pale Iringa mjini, kwa mama mkwe wake, Mama Matilda. Mumewe, Sosthenes, alikuwa Igawa kufuata mpunga. Mashindano ya Mbeya yalikuwa yamekaribia na Bupe hakuwa amefanya mazoezi ya mwendo mrefu tangu ajifungue. Majirani walishamsema mpaka wakachoka: mzazi gani huyu anakimbizana na malori? Yeye aliwaziba midomo kwa ahadi moja tu, kwamba atarudi kabla mtoto hajalia njaa. Sasa maziwa yalikuwa yameshalowesha fulana yake, na nyumbani bado ni mbali.

Tyubu ya akiba alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa tairi lenyewe. Kipande cha chupa kilikuwa kimelichana ubavuni, tundu la kupitisha kidole. Ukitia tyubu mpya hapo, itachomoza nje na kupasuka hata kona ya pili hujafika. Dawa yake waendesha baiskeli wanaijua: unakunja kitu kigumu, unakitanguliza ndani ya tairi, kinaziba tundu mpaka ufike. Bupe alipekua mifuko yote, hakukuta kitu. Simu ilikuwa imezima. Malori nayo yalimpigia honi yakapita bila hata kupunguza mwendo.

Ndipo akauona msalaba.

Ulikuwa wa mbao, umesimikwa kando ya barabara kama watu wanavyofanya mahali alipofia ndugu yao kwa ajali. Jina lilikuwa limefutika. Kwenye mkono mmoja wa msalaba kulikuwa kumefungwa kipande cha kitenge, kizito na kikavu, ingawa nyasi zote pale zilikuwa zimelowa mvua ya mchana.

“Nisamehe. Nitakirudisha,” Bupe alinong’ona, akakifungua.

Akili nyingi huondoa maarifa. Alikikunja, akakitia ndani ya tairi, akaweka tyubu, akajaza upepo. Kazi safi kabisa. Akapanda, akaondoka.

Kwenye kilima cha kwanza baiskeli ikawa nzito. Akashuka kukagua breki. Hazikuwa zimeshika, gurudumu lilizunguka vizuri. Akapanda tena, na uzito ukarudi. Aliujua uzito ule tangu utotoni. Ni uzito wa mtu uliyempakia nyuma.

Lakini baiskeli ya mbio haina karia.

“Kamwene...”

Sauti ilitoka nyuma ya shingo yake. Sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyechoka sana. Bupe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, ila ameolewa Uheheni, na salamu ile humtoka bila kufikiri.

“Kamwene,” akaitikia.

Kisha akakumbuka kwamba yuko peke yake.

Hakugeuka. Jasho lilimpoa mgongoni. Akasikia harufu ya udongo mbichi, na chini yake harufu ya maziwa yaliyochacha.

“Wa kwako anaitwa nani?”

Bupe aliuma meno, akakanyaga pedali. Alianza Baba Yetu, akapotea katikati, akaanza upya.

“Analia,” sauti ikasema. “Namsikia. Tuwahi, dada...”

Akakanyaga kama mwendawazimu. Tanangozi ikapita. Ipogolo ikapita. Ule mlima wa kupandia mjini aliupanda akilia waziwazi, na pumzi ya mtu ikimpuliza sikioni. Alipoingia Kihesa giza lilikuwa limeshashika. Ghafla baiskeli ikawa nyepesi. Bupe alimshukuru Mungu kwa sauti. Hakufikiri kwamba abiria akishuka, amefika.

Mama Matilda alikuwa jikoni, mwiko mkononi.

“Umechelewa, mwanangu. Afadhali dada yako ametangulia.”

“Dada yangu yupi, mama?”

“Si huyo uliyekuja naye? Kasema umempakia barabarani. Mtoto alikuwa analia mpaka sauti inakauka, nikampa ambembeleze, nikaja kusonga ugali...”

Bupe hakungoja amalize.

Chumbani hapakuwa na mtu. Esta alikuwa kitandani, macho wazi, ametulia. Kidevuni palikuwa na tone jeupe. Bupe akamnyakua na kumpa titi. Mtoto akageuza uso. Akampa la pili. Akageuza tena, akapiga mwayo.

Alikuwa ameshiba.

Mama Matilda alipoambiwa habari ya kitenge, alikaa chini sakafuni, mikono kichwani.

“Bupe, mwanangu... Aliyefia barabarani anafuatwa na ndugu zake. Wao ndio wanafungua ile nguo, wanamwita, wanakwenda naye mpaka kwake. Wewe ulipoifungua, ulimpeleka wapi?”

“Nilikuja moja kwa moja nyumbani.”

“Basi hapa ndo kwake.”

Sosthenes aliporudi, walikwenda na mchungaji wao kukirudisha kitenge msalabani. Watu wa pale walijua kidogo tu. Alikuwa abiria wa basi, walisema, akimuwahi mtoto aliyemwacha nyumbani. Nyumbani wapi, hakuna aliyejua. Wakafunga nguo, wakaomba, wakaondoka. Bupe alijipa moyo kwamba yamekwisha.

Mashindano yalipita bila yeye. Angeondokaje? Kila jioni Esta hulia kidogo, kisha hunyamaza mwenyewe, hata akiwa mikononi mwa mama yake. Midomo yake huchezacheza hewani. Titi la Bupe hajaligusa tena, na uji anautema.

Juzi walikwenda kliniki. Nesi alimpima mtoto, akasoma mzani, akacheka kwa furaha.

“Mtoto kanenepa huyu! Maziwa yako yana baraka, mama Esta.”

Bupe akasema asante. Maziwa yake yalikuwa yamekauka tangu wiki ile.