Maneno Niliyoyaacha Gereji

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nikiketi kwenye zulia la sebuleni, katikati ya magoti ya Mama Delfina, naye akinisuka. Alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mrundi aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Vidole vyake vilikwenda mbio na hadithi zake hazikuisha. Huku nasukwa, mimi niliwasomea wakubwa barua zao za wiki: ya shule, ya umeme, ya kliniki. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na katika nyumba yetu ya mtaa wa Black Rock, mjini Buffalo, Marekani, mimi Séphora ndiye niliyejua Kiingereza kuliko wote.

"Usiruke mstari, mwanangu," Mama Delfina alizoea kunionya. "Barua ikirukwa hukasirika."

Nami nilikuwa nikiruka. Mwanzoni nilifasiri kila neno. Baadaye nilichoka, nikaanza kufupisha. Ukurasa mzima niliugeuza kuwa sentensi mbili, na kwa kuwa hakuna aliyenigundua, nikajiona mjanja.

Mwaka huo wa 2015, papa yangu, Zéphyrin, alinunua gari kwa binamu yake Bagula anayeishi Columbus. Lilikuwa gari dogo ambalo magurudumu yote manne huvuta kwa pamoja. Papa aliliita katrekatre, kama wanavyoyaita magari ya namna hiyo kule kwetu Bukavu, Kongo. Bagula aliapa kwamba theluji ingeliona na kukimbia yenyewe. Papa alicheka, lakini alimwamini. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameendesha lori kutoka Bukavu hadi Kamituga, kwenye matope yanayofika mlangoni, na hakuwahi kulipindua hata mara moja. Kanisani kwetu kila mtu alizijua habari hizo. Jumapili aliwapitia wazee na akina mama nyumbani kwao, akawapeleka ibadani, na wao walimwita "shoferi wetu".

Mwezi wa Novemba, siku ya Jumamosi, tulikwenda gereji ya matairi iliyo karibu na reli. Papa alitaka matairi, au mapine kama alivyoyaita, yakaguliwe kabla ya baridi kali, na alikuwa tayari kufunga mapya kama ingelazimu. Mimi nilikuwa na haraka. Saa nane mchana rafiki yangu Grâce alikuwa anasherehekea siku yake ya kuzaliwa huko North Buffalo, na tayari ilikuwa saa saba.

Fundi alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe. Alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye kila tairi, akatikisa kichwa. Kisha akanigeukia, akasema polepole ili nielewe vizuri.

"Mwambie baba yako matairi haya yamekuwa vipara. Asiyaendeshe kwenye barafu. Magurudumu manne yakivuta yatamsaidia kuondoka, lakini hayatamsaidia kusimama. Kusimama ni kazi ya matairi. Nina magari mawili mbele yenu. Mkingoja saa moja na nusu, nitawafungia mengine."

Saa moja na nusu! Niliiona keki ya Grâce ikikatwa bila mimi.

"Ule muzee anasema nini?" papa aliuliza.

"Anasema mapine iko sawa, papa. Itafika mpaka mwisho wa baridi."

"Ameongea maneno mingi vile, njo hiyo tu?"

"Njo hiyo, papa. Bazungu wanapendaka kuongea."

Papa alicheka. Akamshika fundi mkono, akamwambia "thank you" mara mbili, tukaondoka. Yule mzee alibaki mlangoni akitutazama, kitambaa kikiwa mkononi. Nilifika kwa Grâce mapema, nikala keki vipande viwili. Laiti ningaliikosa!

Katikati ya Januari ilinyesha mvua usiku kucha, ikaganda barabarani. Jumapili asubuhi lami iling'aa kama sakafu iliyopakwa mafuta. Mama Delfina alikaa mbele na kayamba la kwaya mapajani. Mimi na mama yangu, Nzigire, tulikaa nyuma. Papa aliendesha taratibu, taratibu mno, hata Mama Delfina akamtania kwamba tutafika wakati wa kufunga ibada.

Karibu na daraja la reli taa iligeuka nyekundu. Papa alikanyaga breki mapema, kwa upole, kama dereva anayejua kazi yake. Gari halikusikia. Liliendelea kuteleza kimya kimya, likageuka ubavu, nami nikauona mguu wa papa ukikanyaga tena na tena. Tulipita njia panda, tukagonga nguzo ya taa kwa upande wa Mama Delfina. Alikuwa ametanguliza mkono ili kujizuia. Nikasikia sauti ndogo kama ya kijiti kinachovunjika.

"Nilikanyaga frein!" papa alikuwa akisema. "Nzigire, uliona, nilikanyaga!"

Mama Delfina hakupiga kelele. Aliukumbatia mkono wake wa kulia, machozi yakimtiririka, huku kayamba limelala chini ya miguu yake. Mimi nilijua. Kabla polisi hawajafika, kabla ya gari la wagonjwa, nilijua kilichotugongesha, na nikanyamaza.

Mkono ulifungwa plasta, na ilipotolewa kiganja hakikupinda tena vizuri. Mama Delfina alipoteza kazi yake ya ghalani, kwa sababu hakuweza kuinua maboksi. Jumamosi zikaja, wala hapakuwa na wa kunisuka. Mama yangu alijaribu, na mistari ikaenda kombo. Sikuthubutu kulalamika.

Lakini aliyeniumiza zaidi alikuwa papa. Kanisani watu walianza kunong'ona kwamba barafu si matope, na kwamba Zéphyrin sasa amezeeka. Wazee wakaanza kupanda magari ya wengine. Gari lilinyooshwa ubavu, lakini papa alitundika ufunguo kwenye msumari jikoni, akaanza kwenda kwa basi kiwandani alikofanya kazi. Nilimwona dirishani alfajiri, amesimama kituoni kwenye upepo, mikono imo makwapani. Jioni moja nilimsikia akimwambia mama, "Miaka kumi na mbili sikuangusha mutu. Mikono yangu imekufa, Nzigire. Sitaendesha tena."

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Sentensi moja ingetosha. Niliimeza, nikarudi kitandani, nikalia kwa aibu. Kila siku niliyokaa kimya iliifanya sentensi hiyo kuwa nzito zaidi.

Mwezi wa Machi papa aliamua kuliuza gari. Alikumbuka mzee wa gereji, akasema huenda anamjua mnunuzi. "Twende, utanisemea," akaniambia. Aliliendesha mwenyewe, polepole, akisema ni kwa mara ya mwisho.

Mzee alitoka nje, akalizunguka gari, akauona ubavu ulionyooshwa. Akachuchumaa, akagusa matairi. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika, na alinitazama mimi.

"Wewe si yule msichana? Nilikuambia umwambie baba yako asiyaendeshe kwenye barafu. Hukumwambia?"

"Anasema nini?" papa aliuliza.

Hapakuwa na mtu mwingine pale aliyejua lugha zote mbili. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema kwamba anatoa pole tu, na papa angeniamini, kama alivyoniamini siku zote. Nilimtazama usoni. Alikuwa anangoja kwa utulivu, kofia mkononi.

"Anasema…" nilianza. "Anasema mwezi wa kumi na moja aliniambia nikuambie mapine imekwisha. Usiendeshe kwa barafu. Tungojee, atafunga mengine. Na mimi sikukuambia, papa. Nilitaka kuwahi kwa Grâce."

Papa aliyageukia matairi, akayatazama moja moja. Nilitamani anipige kofi, yaishe. Hakunigusa.

"Muulize," alisema hatimaye, "nilikuwa naenda polepole, nikakanyaga frein mapema: kama mapine ingekuwa ya mupya, gari ingesimama?"

Niliuliza. Mzee alijibu, nami nikafasiri kila neno, machozi yakinidondoka.

"Anasema kwa mwendo ule wa polepole, bila shaka ingesimama. Anasema hata dereva mzuri hawezi kusimamisha gari na mapine kama hii. Anasema si mikono yako, papa."

Papa aliinua mikono yake, akaitazama mbele na nyuma. Kisha akageukia ukuta wa gereji, mabega yakamtetemeka. Sikuwahi kumwona papa akilia. Siku ile tulingoja saa mbili, gari likafungwa matairi mapya, na hakuna aliyezungumza tena habari za kuliuza.

Jioni nilipanda ngazi peke yangu hadi kwa Mama Delfina. Niliyasema yote nikiwa nimepiga magoti. Aliuweka mkono wake wa kulia mapajani, akautazama.

"Umeniumiza, Séphora," alisema. "Sitakudanganya. Mkono huu haurudi ulivyokuwa. Lakini jina la baba yako linaweza kurudi. Jumapili utasimama kanisani, useme kama ulivyosema hapa. Na Jumamosi uje. Nitakufundisha kusuka. Vidole vyangu haviwezi, basi vyako vitafanya kazi."

Nilisimama kanisani. Nilisema yote, wala sikuruka mstari. Baada ya ibada Mama Delfina alipita katikati ya watu wote, akaenda moja kwa moja kwenye gari letu, akafungua mlango wa mbele, akakaa mahali pake pa siku zote. Wazee wawili wakamfuata, wakajibana nyuma pamoja na mama na mimi.

Papa alikuwa ameshika ufunguo. Kabla ya kuwasha gari, aligeuka akanitazama.

"Bon. Sikiliza, mama," alisema, kwani ndivyo alivyoniita tangu utotoni, na alikuwa hajaniita hivyo kwa siku nyingi. "Miye nikishika usukani, roho zenu zote ziko mu mikono yangu. Siwezi kwenda nusu ya njia, niseme nimefika. Na weye ukinisemea, roho yangu iko mu kinywa yako. Neno ya mutu si yako ya kukata. Ibebe yote, uifikishe yote, hata kama uko na haraka, hata kama inakuchoma."

"Ndiyo, papa."

"Mama Delfina, ufunge mukanda."

"Nimeshafunga," alijibu, na kwa mkono wake wa kushoto akaanza kutikisa kayamba.