Senti Hamsini ya Marehemu

Kamba ya senti ya Dickson ilikatika jioni, naye akamtuma mkewe dukani kununua nyingine.

"Nenda nayo upime tundu," alimwambia Yuster, akimwekea senti kiganjani. "Uzi imara, tafadhali. Usiidondoshe."

Tafadhali! Mwanamume anayeagiza chai kwa kukohoa, leo anasema tafadhali kwa ajili ya senti. Akabeba Biblia yake, maana alikuwa katekista, mwalimu wa dini, akaenda kanisani kuongoza sala ya jioni. Yuster akashika njia ya duka la Mama Pili, moyo umemvimba.

Ilikuwa senti hamsini ya zamani, ile ya sungura. Sungura mwenyewe alibaki masikio tu, na mwaka ulikuwa umelika wote. Kila jioni Dickson aliketi barazani akiisugua kwa kidole gumba, macho yake mbali. Yuster akiuliza ni ya nini, anajibiwa, "Ya zamani." Akiuliza ya mwaka gani, hajibiwi.

Hapo Chiwata kila mtu alijua mila ya ukoo wa Upendo, mke wa kwanza wa Dickson. Kwao mtoto wa kike akizaliwa, hutobolewa senti ya mwaka uleule na kuvishwa kiunoni. Upendo aliumwa na nyoka akiokota korosho, akafia palepale chini ya mkorosho. Msalaba wake ulikuwa nyuma ya kanisa, umeandikwa wazi: alizaliwa 1983. Yuster aliusoma kila Jumapili, na kila Jumapili ulimchoma.

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Yuster alikuwa amekonda kweli. Mwanamke aliye hai ana nafuu, utamsema, utamnunia, hata kumfuata kwake mkapasuliana vitambaa. Huyu wa kaburini utamfanya nini? Alichotaka Yuster ni kitu kimoja tu: kujua kama mumewe alimwoa yeye, au alitafuta wa kumpikia huku moyo ukiwa bado kwa Upendo.

"Shikamoo, Mama Pili."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?"

"Naomba uzi wa nailoni. Upite hapa."

Mama Pili alipoiona senti, alirudisha mkono nyuma. "Mrudishie mumeo hiyo. Usikae nayo."

"Kwani ina nini?"

Mama Pili alimkatia uzi, akaanza kufunga duka, na jua lilikuwa halijazama bado.

Yuster hakumrudishia mtu. Babu yake mzaa mama, Reginald, alikuwa fundi wa hereni kule Newala, na utotoni alimwona akisoma sarafu zilizolika. Aliziweka juu ya makaa. Madini, alisema Babu, hayasahau yalipogongwa. Ukiyapasha moto, palipopigwa chapa pataiva rangi tofauti na pengine.

Jiko lilikuwa nje, mbele ya nyumba, makaa mekundu. Akaiweka.

Mwanzoni hakuona kitu. Kisha senti ikageuka manjano, ikawa kahawia... na chini ya masikio ya sungura vikaanza kujitokeza vivuli.

Moja.

Tisa.

Nane.

Ya mwisho ilikataa. Ilikuwa tatu, au nane? Yuster akaishika kwa koleo, akaisogeza kwenye mwanga, akainama mpaka joto likamuunguza pua. Upande wa kushoto ulikuwa wazi.

Tatu.

"Elfu moja mia tisa themanini na tatu," alisema kwa sauti, machozi yakimtoka kwa hasira. "Kumbe ni wewe, Upendo! Haya, njoo umchukue basi!"

Upepo ukakata.

Ikaja harufu. Tamu, nzito, ya kuchachuka... Mabibo. Mabibo yaliyoiva! Na huo ulikuwa mwezi wa tatu, mvua inanyesha, hakuna mkorosho wenye hata ua.

Ti...

Nyuma ya nyumba.

Ti... ti...

Yuster aliijua sauti ile, kila mtu wa Chiwata anaijua. Ni korosho inayokonyolewa kwenye bibo na kutupwa ndooni. Mtu alikuwa akifanya kazi, taratibu, bila haraka. Kisha ndoo ikaburuzwa kuelekea mlango wa nyuma.

"Yuster! Umechoma nini?"

Ni Dickson, anatoka kanisani, anahema. Akaiona senti kwenye koleo. Akaziona tarakimu. Biblia ikamponyoka.

"Umeisoma kwa sauti?"

Yuster akamsogezea koleo usoni.

"Na jina? Jina umelitaja?"

"Ulikuwa unamlilia kila siku mbele yangu!" Yuster alifoka. "Mimi ni nani humu ndani, Mwalimu?"

"Kumlilia?" Dickson alinong'ona. "Alikuwa anakuja, Yuster. Tangu wiki niliyokuoa. Anasimama dirishani anakutazama umelala. Mama yake aliniambia nisugue senti mpaka mwaka ufutike, kwamba mwaka ukifutika marehemu anasahau njia. Mimi katekista, ningemwambia nani? Nilikuwa namfuta. Kwa ajili yako. Ilikuwa imebaki kidogo tu..."

Yuster akaitazama ile senti. Miaka yote ile alikuwa akipendwa mbele ya macho yake, na hakujua.

Ndani ya nyumba kitasa kikalia.

"Kaa hapa," Dickson alisema. "Usinifuate." Akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake.

Yuster akasikiliza. Alitegemea kelele, au sala. Badala yake alisikia ndoo ikitua sakafuni, kisha mazungumzo ya chini chini, kisha Dickson akacheka. Cheko refu, la kijana. Tangu waoane hakuwahi kumsikia akicheka vile.

Na hapo, Mungu amsamehe, woga wote ulimtoka ukabaki wivu mtupu. Akaufuata mlango. Ulikuwa umekomelewa kwa ndani. Akaupiga kwa viganja vyote viwili, mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaita:

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Kicheko kikakatika. Nyayo zikaja mpaka mlangoni, nyepesi, za mtu asiye na viatu, na harufu ya mabibo ikapenya chini ya ubao.

"Karibu, mgeni," sauti ya mwanamke ikaitika kwa upole. "Unamtafuta nani?"