Viti vya Mbele

Viti vinne vya daraja la kwanza vilikuwa vimeng'olewa. Basi la Bwera kwenda Kasese lilisimama kituoni mchana kweupe, na nyuma ya dereva palibaki matundu ya boliti tu.

"Nani mpumbavu anaiba viti?" meneja wa kampuni alifoka.

Inspekta Asanasio Kule aliinama kuyakagua matundu. Ilikuwa mwaka 1954, na viti hivyo vilikuwa vya Wazungu, hata wasipokuwapo. Wengine wote, na tiketi zao halali mkononi, walirundikwa nyuma pamoja na magunia ya kahawa. Upuuzi mtupu!

Kila Ijumaa basi lilisimama Bwera saa nzima ili dereva aende msikitini. Leo, Ijumaa, viti vilitoweka saa hiyo hiyo. Kule akamwita dereva, Muniru.

"Ulikuwa wapi?"

"Musikitini, afande."

"Na spana za basi?"

"Iko kwa sanduku."

"Nionyeshe mikono."

Viganja vilijaa grisi nzito, imeganda mpaka kwenye kucha. Kule alikuwa Mkristo, lakini alikulia ua mmoja na Waislamu. Alijua kuwa maji ya udhu lazima yafike kwenye ngozi.

"Ulisali na grisi hii?"

Muniru akaificha mikono nyuma.

"Ni miezi sita jela, Muniru, na kazi imekwisha. Apa tu kwamba ulisali, nikuache."

Dereva akanyanyua kichwa. "Wizi naweza kukana, afande. Sala siwezi kuidanganyia. Ni mimi nilitoa hizo viti. Iko ndani ya muto Lubiriha."

"Kwa nini?"

"Mwezi jana dada yangu Mastula alishikwa na uchungu. Tulikuwa tunamupeleka hospitali. Viti ya mbele iko wazi, hakuna mutu. Huyu bwana meneja akasema arudi nyuma, alale juu ya magunia. Na mimi nikaendesha! Mutoto akafia njiani. Nilitii, afande. Hiyo ndiyo inaniuma."

Kule alitamani kumzaba meneja kofi. Sheria ni sheria, hata ikikera.

"Uko chini ya ulinzi," alisema. Bwera haikuwa na dereva mwingine. "Utatuendesha mwenyewe mpaka Kasese."

Abiria wanawake waliokuwa wakisikiliza wakapanda, wakatandika mikeka palepale palipong'olewa viti, wakakaa.

"Muniru, washushe!" meneja alipiga kelele. "Mbele hakai mtu!"

Muniru akawasha injini.

"Siku ile nilikusikia, bwana," alisema. "Leo sikusikii."

Akaliondoa basi.